Nilipofuta Maneno Niliyoyaficha

Jina la Bwana litukuzwe, yeye aliyenifikisha leo nikiwa na macho ya kusoma na mikono ya kushona ngozi. Nawasalimu kwa upendo wake, ninyi mnaosoma nyumbani na ninyi mtakaosomewa kanisani.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Kampala. Kwetu ni magharibi mwa Kenya, lakini nilivuka mpaka miaka michache baada ya vita vya 1986, mji ulipokuwa ukijengwa upya na kila fundi ana kazi. Nashona viatu vya watu ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Napima yote miwili, kisha naiongeza soli ya ule mfupi mpaka mwenyewe asimame sawa. Kwa miaka mingi nilikaa Nakivubo, kwenye kijia kati ya maduka, na sikuhitaji kujitangaza. Mtu alishuka kwenye teksi akauliza tu, "Mzee wa soli yuko wapi?" na wachuuzi wakamwonyesha kwa kidole.

Ndugu zangu, jengo la maduka yale likavunjwa. Nikapata chumba Kibuli, nyuma ya nyumba za watu. Ni mahali patulivu, ila hapapiti mtu. Mwezi ukaisha, na wa pili. Kilichoniumiza zaidi kilikuwa rafu ya vipimo, makaratasi niliyochora miguu ya wateja, kila moja na jina lake. Moja lilikuwa la Nakato, msichana niliyemshonea tangu alipoanza kutembea. Mguu wa mtoto hukua. Kiatu chake hushonwa upya kila mwaka, la sivyo nyonga hupinda, na ikishapinda soli yangu haiwezi kuinyoosha. Mwaka ule wakati wake ulifika ukapita. Nilimpigia mama yake, simu haikuita. Nilijua alikwenda Nakivubo akakuta uzio wa mabati tu.

Kanisani kwetu kuna dada Mkongomani, Espérance, anayechapa barua na kutengeneza tovuti. Akanitengenezea tovuti na kunifundisha kuandika ndani yake. Hapo ndipo nilipoanguka. Nilikuwa nimesikia kwamba mtambo wa kutafuta mtandaoni unahesabu tu maneno, na anayerudia neno mara nyingi ndiye anayewekwa juu. Basi nikaandika kwa lugha ya hospitali: viatu vya mifupa Kampala, viatu bora vya mifupa Kampala, fundi wa viatu vya mifupa Kampala, hivyo hivyo mpaka chini ya ukurasa. Nikaongeza miji ambamo sijawahi kuweka hata msumari: Jinja, Entebbe, Kigali. Nikaongeza na Kalerwe, sokoni, upande mwingine wa Kampala. Nilipoona aibu ya kusomwa hivyo, nikayapaka maneno yale rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, ili mtambo uyaone na mtu asiyaone. Ndugu zangu, ni mimi huyu ninayewagawia meza ya Bwana.

Asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye sauti ya uchovu.

"Mzee, niko hapa Kalerwe kwa wauza nyanya. Karakana yako ni gani?"

"Mimi niko Kibuli, baba."

"Kibuli? Mimi na fimbo yangu nimezunguka soko lote. Wanadhani nimekuja kuiba kabeji." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Kwa simu yangu jina lako linakuja pamoja na Kalerwe. Nani aliandika hivyo?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Sawa, mzee. Leo nimechoka. Acha nirudi nyumbani."

Jumatano ile ilikuwa zamu yangu ya kusoma vikaratasi vya maombi. Kwetu kuna sanduku mlangoni, mwenye shida huandika kikaratasi akakitumbukiza, na mzee wa zamu huvisoma mbele ya kusanyiko. Nimevisoma miaka mingi, lakini siku hiyo nilivisikia. "Mguu wa mume wangu umekataa kukanyaga." "Mtoto wangu anachekwa shuleni kwa kuchechemea, nifanye nini?" Hakuna aliyeandika viatu vya mifupa. Hakuna aliyerudia neno mara kumi. Kila mmoja alisema shida yake mara moja, kwa maneno yake, akataja na mahali anapoishi. Nikaelewa kwamba kile kidirisha cha kutafutia kwenye simu nacho ni sanduku. Watu wanatumbukiza shida zao humo, nami nilikuwa nikijibu kwa kelele na uongo.

Nilikwenda kwa Espérance nikamwungamia. Akafungua ukurasa, akayapaka rangi nyeusi yale maneno meupe, akashika kichwa.

"Papa Mzee, mbona unarudia-rudia ivi? Ata Mungu angekuambia, nimeshasikia."

"Futa yote," nikasema.

"Hapana. Ulificha wewe, utafuta wewe."

Nikafuta kwa mkono wangu. Kisha nikampigia yule bwana wa Kalerwe, nikaomba msamaha, nikamfuata kwake na karatasi na penseli. Nikampima akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Baada ya hapo nikaanza kuandika upya. Kichwa cha ukurasa kilikuwa swali lenyewe: "Mtoto wangu ana mguu mmoja mfupi, nitapata wapi kiatu Kampala?" Jibu nikaliweka mstari wa kwanza, ili mwenye haraka asichoke. Chini ya kila picha nikasema wazi ni kiatu gani na ni cha mguu upi. Mahali nikataja pale tu ambapo ni kweli: tulikuwa Nakivubo, kwenye jengo lililovunjwa, sasa tuko Kibuli. Kila Jumatatu nikaongeza swali moja nililoulizwa na mteja, kwa maneno yale yale aliyoulizia.

Wiki zikapita kimya. Nikazidi kuandika na kuomba. Kisha wakaanza kuja, mmoja, wawili. Na alasiri moja mlango ukafunguliwa, akaingia mama amemshika binti mrefu mkono.

"Ssebo, wewe ulipotelea wapi? Mimi natafuta wewe mwaka mzima. Simu iliibiwa, namba yako ikaenda nayo."

Alikuwa mama Nakato, ambaye huniita ssebo, yaani bwana. Nikamuuliza amenipataje.

"Niliandika kwa simu ya dada yangu: mzee wa viatu vya mguu mfupi alitoka Nakivubo alienda wapi. Wewe ukaja wa kwanza. Nikasoma, nikajua ni wewe, unaandika kama unavyoongea."

Ndani ya kiatu cha zamani cha Nakato mlikuwa na vipande vya maboksi ambavyo mama yake alivikunja ili kuinua mguu. Nikamshika nyonga kwa hofu. Haikuwa imepinda. Nikaweka karatasi mpya juu ya ile ya zamani, nikachora.

"Jajja," akaniambia, maana huniita babu yake, "safari hii weka kisigino kama cha mwalimu wetu."

Nilimwekea. Alipokivaa alisimama sawa kama mlango.

Namshukuru Mungu aliyeniaibisha kwa upole na kunirudishia kazi yangu. Nawe unayeandika ili upatikane, mtumaini yeye, useme kweli kwa maneno ya mwenye shida. Bwana akusimamishe kwa miguu yako yote miwili, na yule anayekutafuta leo asikukose.