Maisha ya Teófilo Quimís Baque, Mchambuzi wa Vigae wa Cerro Hondo, 1951–2019

Ndugu, majirani na wenzake wa kazini, mume wangu Teófilo alizaliwa tarehe 20 Mei 1951 hapa Cerro Hondo, mkoa wa Manabí, mtoto wa nne wa mzee Hermógenes Quimís na mama Digna Baque, akasoma darasa la kwanza hadi la sita katika shule ya jumuiya yetu, akaishia hapo kwa sababu sekondari ilikuwa mbali, Jipijapa.

Mwaka 1979 wanaakiolojia walipokuja kuchimba kilima chetu aliajiriwa kubeba udongo, baadaye kuosha na kuchambua vigae vya vyungu vya kale, hata akawa anajua kwa kupapasa tu kigae ni cha hatua ipi kati ya tatu za wataalamu, ya Mwanzo, ya Maendeleo ya Maeneo, au ya Muungano, ambayo kwao ndiyo ya mwisho na inakoma Wahispania walipofika.

Tulifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1984, tukajaliwa Yadira, Líder na Monserrate.

Agosti 1997, akichimba shimo la choo nyuma ya jiko, alikuta vyungu vya Muungano, na katika sakafu ileile ya kale shanga ya kioo ya Kihispania, maana yake watu wa kilima hawakukoma pale jedwali la hatua la wataalamu linapokoma, walibaki wakipika, ndio babu zetu. Alitia vigae na shanga ile katika mifuko ya karatasi, akaitundika ukutani kwa mpangilio wa matabaka ya udongo, la juu karibu na mlango, bila kuandika lebo hata moja, nami nilipomhimiza aandike alinijibu, "Daftari ni la wasomi, Auri, ukuta ni wangu."

Februari 1998 mvua za El Niño zilitoboa paa, nikaishusha mifuko yote Monserrate akiwa mgongoni, ikapasuka kwa kulowa, nikamimina kila kitu katika beseni moja. Aliporudi aliuliza, "Ulianza upande gani?" nikasema sikumbuki, akauliza, "Hata ule wa mlangoni?" nikamwambia, "Teo, nilikuwa naokoa nyumba," akacheka kidogo, "Basi mama, Muungano wenyewe ni wewe."

Juni mtaalamu mmoja alikuja kutoka Quito, akamwambia kwa upole, "Don Teo, bila tabaka siwezi kusema shanga ililala na chungu kipi," akaandika kwenye kadi ya makumbusho: Muungano, mwisho 1532. Kila Jumapili, hadi alipougua, Teófilo alikaa na beseni lile akijaribu kupanga upya, na mimi sikuwa na la kumsaidia.

Tarehe 3 Februari 2019 alipata kiharusi, akalazwa Portoviejo siku kumi na moja, tukamrudisha nyumbani, na Jumatano tarehe 14 Agosti, saa nne asubuhi, akakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta ndizi na samaki, na wachimbaji wenzake waliobeba jeneza. Kadi ya makumbusho bado inasema watu wa kilima hiki waliishia 1532, sina cha kuisahihishia, na leo saa tisa alasiri tunamzika mmoja wao hapohapo kilimani.

Lala, Baba Yadira, upumzike kwa amani.