Mzee Randu na Lenzi Alizozikataa

Kutoka Mtwapa mpaka Mambrui, sahani yoyote ya wali iliyowahi kukumezesha mate kwenye simu, ujue aliyeipiga picha ni mimi. Wapo wanaosema kamba mawe wa Watamu wakisikia naja hujipanga wenyewe sahanini. Nayasema haya mapema ili mjue wasifu huu haukupewa mtu wa barabarani. Shule niliiachia kidato cha pili, ni kweli, lakini Gladys wa hapa kazini alipoombwa kuandika alilia, na Bi Toral mwenye studio alipojaribu ikatoka kama barua ya benki. Basi nikabaki mimi, Sanga. Nimeambiwa ukurasa mmoja, niuchangamshe, na nisitie habari za hospitali.

Mzee Randu Mwambire anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya kuitumikia studio yetu ya hapa Malindi kwa miaka thelathini na mitatu. Alikuwa amebakisha miwili. Anaondoka kabla ya wakati kwa kuwa jicho lake la kulia halioni tena, na la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Hilo lililobaki ndilo analolipigania kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni. Hiyo ndiyo habari ya hospitali. Nimeshaitia, tuendelee.

Alitoka Ganda, kijana wa mahindi na mihogo, akaajiriwa na marehemu Mzee Kishor, babake Bi Toral, kufagia na kuchanganya dawa za kusafishia picha enzi za mikanda. Akapiga picha za vitambulisho, akapiga harusi, akapiga watalii waliobabuka kwa jua. Kisha hoteli zikaanza kutaka picha za vyakula na za watu wanaostarehe: mama na dafu lake, miguu miwili kando ya bwawa, kikombe cha kahawa kitandani. Wapiga picha wote wa mji wakakimbilia flashi kubwa. Mzee Randu akanunua pazia jeupe. Akalitundika dirishani, sahani akaisogeza karibu, akasema flashi inafanya biriani ionekane kama mshukiwa aliyepigwa picha kituoni. Hoteli ya kwanza ilipoona kazi yake ilituletea menyu nzima.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa kupiga, ilikuwa kuchagua. Vijana walitoka Kilifi, Mtwapa, hata Rabai, kuja kumwuliza wanunue kamera gani. Wengine walikuja wameshaona kwenye simu kamera yenye bei ya shamba. Mzee huwasikiliza mpaka mwisho, kisha huwauliza wanataka kupiga nini. Chakula? Basi kamera ya kawaida inatosha, pesa zitie kwenye lenzi, na kinachobaki nunulia stendi isiyotikisika. Kamera, alikuwa akiwaambia, watu wanazibadilisha kama nguo za sikukuu, ila lenzi nzuri utazeeka nayo. Lenzi ndefu za kuvutia vitu vya mbali hakuzipenda hata kidogo. Kuna mmoja alikuja na lenzi kama bomba la maji, ametoka kuinunua kwa ajili ya picha za mkahawa. Mzee aliigeuza, akamrudishia. "Kwani sambusa itakukimbia? Si usogee!"

Na hakuna lenzi iliyoingia studio bila mtihani wa mbaazi. Mzee Kishor na jamaa zake walikuwa hawali nyama wala samaki, na hawakutaka vitu hivyo vivuke kizingiti, kwa hiyo tangu zamani lenzi zilijaribiwa kwa mbaazi za nazi na mahamri. Ikawa ndiyo sheria. Mzee Randu aliipenda. Alisema kamba mawe ni mrembo, hata mpumbavu akimpiga atapendeza, lakini mbaazi hazina urembo wa kukuazima. Lenzi mbovu huzigeuza tope. Lenzi nzuri hukuonyesha tui linavyong'aa pembeni na kila mbaazi imesimama peke yake. Gladys, mpambaji wetu wa sahani, ndiye aliyezipika. Mzee anainama, anatazama, anasema "hii" au "rudisha". Kisha mtihani tunaula.

Siku yangu ya kwanza nilishinda nasogeza hamri moja, huku, kule, huku tena. Akanivumilia weee, mwisho akaniuliza, "Sanga, mwanangu, unalipiga picha au unaliposa?" Duka zima likacheka. Gladys mpaka leo akiniona na sahani huniuliza mahari nimefikisha wapi.

Sasa, mnaijua pwani yetu. Chumvi na unyevu haviachi kitu. Lenzi ikihifadhiwa vibaya huota kuvu ndani, na picha zote hutoka na ukungu. Ndiyo maana zetu hulala kwenye ndoo yenye kifuniko, na mfuko wa mchele mkavu humo ndani wa kunyonya unyevu, na ole wake anayesahau kifuniko. Kwa hiyo mwaka jana, Mzee alipoinama juu ya mbaazi akasema lenzi mpya ina ukungu, nani angebisha? Bi Toral akaagiza nyingine Mombasa. Nayo akaona ina ukungu. Iliyofuata akasema inazungushia taa duara za rangi. Bi Toral aligombana na muuzaji kwenye simu mpaka muuzaji akaacha kupokea. Gladys akabadilisha mchele wa ndoo. Tukaondoa pazia, tukalifua, tukalirudisha. Kila kitu pale dukani kilishukiwa isipokuwa jicho la Mzee, maana hilo ndilo tulilolitumia kushuku vitu vingine.

Lenzi zilizokataliwa nilipewa mimi nijifunzie.

Mwezi wa tatu mwaka huu tulikuwa kazini kwenye hoteli moja ya Kilifi. Mzee akageuka, akaikumba meza iliyokuwa upande wake wa kulia. Supu, glasi, maua, vyote chini. Mpishi akamaka. Mzee akacheka, akasema jamani, meza mmeisogeza. Hakuna aliyeisogeza. Tulipanguza sakafu, na njia nzima ya kurudi Malindi hakunitania hata neno moja. Wiki ileile mkewe, Mama Kahindi, alimshika mkono akampeleka kwa daktari wa macho. Ikawa ni presha ya macho. Daktari akauliza ukungu ulianza lini. Alipojibiwa, kwa maneno ya Mama Kahindi, alisema angaliletewa mwaka uliopita angaliweza kuyaokoa yote mawili.

Tangu hapo Mzee Randu amekuwa akikaa kaunta. Wateja bado walikuja, naye bado aliwachagulia. Akishapewa lenzi mkononi huizungusha taratibu, huisikiliza, huigusa kioo kwa ukucha, kisha huita, "Gladys, tui linang'aa?" Gladys humwambia linang'aa. Siku nyingine halikuwa liking'aa, naye alimwambia linang'aa vilevile.

Ameipatia studio menyu za hoteli nyingi kuliko ninavyoweza kuzitaja. Amefundisha wapiga picha waliotawanyika pwani yote hii, na wengi wao hawajui kwamba wanachokiita mtindo wao ni pazia la Mzee Randu. Hakuwahi kumwuzia mtu kitu asichokihitaji. Bosi yeyote angemfukuza kwa hilo. Mzee Kishor alimwongeza mshahara.

Mzee wetu, shikamoo. Studio nzima inakushukuru kwa mkono wako na kwa maneno yako, hata yale yaliyotuchoma. Tunakuombea jicho hilo moja lidumu, uwaone wajukuu wakikua na mahindi yako yakizaa. Ukae Ganda kwa raha na Mama Kahindi, ule vizuri, na ukituhitaji utuite.

Ukurasa umezidi, Bi Toral, lakini hili haliwezi kukaa nje. Lenzi zile hazikuwa na kuvu. Nilijua tangu ile ya pili. Niliichukua nikapiga mbaazi zilezile, sahani ileile, picha ikatoka safi, kila mbaazi imesimama peke yake. Ningesema siku ile, mtu angeuliza habari ya jicho, na ulikuwa bado ni mwaka jana. Lakini uliponiita pembeni ukaniuliza kama na mimi nauona huo ukungu, nilikwambia ndiyo, upo, maana kila lenzi aliyoikataa Mzee ilikuja kwangu, nami nilitaka na ya tatu.