Mafuta ya Mke wa Seremala

Kwenye basi litokalo hospitali, fundi cherehani alijifanya anasinzia, masikio kayatega kiti cha mbele. Seremala alikuwa akimwonyesha mama mmoja asiyejuana naye chupa ya mafuta ya samaki, aliyoichora mistari kwa penseli.

"Mke wangu ana saratani, na siku hizi kanyong'onyea. Nasikia mafuta haya huondoa huzuni. Kila mlo mstari mmoja, sikosei."

Fundi alikubali kimoyomoyo kwamba mistari imenyooka.

"Hata mimi naumwa hiyo hiyo, kaka," mama akasema. "Akila, wewe unakuwa wapi?"

"Jikoni, nasugua sufuria."

"Kumbe sufuria ndiyo inayochangamshwa."

Seremala akaigeuza chupa mkononi. "Sasa nikikaa naye, dada, niongee nini?"

Basi likasimama kwenye kituo alichokuwa amekiomba seremala, lakini hakuinuka; alikuwa akimngoja mama ajibu.