Majibu Yaliyofutwa

Ndugu waombolezaji, familia imemtuma binti mkubwa wa marehemu awasomee maisha ya baba yake, naye anaomba mumvumilie pale sauti itakapomkatika.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mwalimu Bado, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, sekondari hadi 1974, kisha chuo cha ualimu, na tarehe 5 Januari 1977 akaripoti kazini kufundisha hesabu, akiwa na suruali mbili na viatu ambavyo, kwa maneno yake mwenyewe, vilikuwa vinacheka kuliko yeye.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na mama huyu aliyeketi mbele yetu, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1984, 1987 na 1991, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kwenda kucheza kabla ya kutaja jedwali la saba.

Kazini alikuwa na desturi moja, kwamba mwanafunzi anayemaliza wa kwanza hupewa kalamu nyekundu asahihishe madaftari ya wenzake, maana watoto walikuwa sabini na wawili na mwalimu mmoja. Mwaka 1995 binti yake mkubwa aliingia darasa lake la tano, kalamu ile ikawa yake kila siku, wenzake wakamwita kimbelembele, wakamvizia getini, wakasema majibu anapewa nyumbani, na kufikia muhula wa pili alikuwa ameshuka hadi nafasi ya arobaini na moja. Tarehe 22 Septemba marehemu aliliinua daftari la binti huyo kwenye mwanga wa dirisha, akaona, chini ya kila jibu la kosa, alama za jibu sahihi lililofutwa. Alimwuliza kwa upole kama anakosea makusudi, naye, kwa hofu ya kurudishiwa kalamu, akaapa kwamba hajui tu.

Marehemu hakuridhika, akaivunja desturi ile siku hiyohiyo, na tangu hapo kila aliyemaliza mapema aliambiwa bado, akapewa hesabu ngumu zaidi, ndiko lilikotoka jina lake, na kila Jumamosi akawafundisha bure watoto wenye vipawa ndani ya stoo ya madawati. Mwaka 1999, na tena 2009, aliiandikia ofisi ya elimu, akilitaja daftari lile, akiomba watoto hao wapewe mwalimu na mazoezi yao, akajibiwa kwamba mtoto mwenye akili hujifikisha mwenyewe, na kwamba daftari moja, ambalo mwanafunzi mwenyewe amelikana, si ushahidi. Alipostaafu mwaka 2016 darasa lile la Jumamosi lilifungwa, na stoo ikajazwa madawati mabovu. Inauma, tusifichane.

Februari 2024 alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa mara nne, daftari lile likiwa chini ya mto wake, na siku moja alimwuliza binti yake swali lilelile la zamani, naye, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, akaona aibu, akajibu kwamba amesahau. Alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, binti huyo akiwa kwenye foleni ya dawa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi siku zote hizi, walimu wenzake, na ofisa elimu aliyekuja kutufariji, ambaye tunamwomba asiondoke kabla ya kupokea daftari hili, kwani leo asubuhi binti mwenye daftari ameandika kwenye jalada, kwa kalamu nyekundu, kwamba majibu yote yaliyofutwa humu ni yake.

Baba, nilikuwa nayajua. Pumzika kwa amani.