Barnabas Hockaday, Rais Aliyenawa kwa Siki

Ndugu waombolezaji, marehemu baba yangu, Barnabas Lyle Hockaday, alizaliwa tarehe 9 Machi 1799 hapa Sulphur Ford, Kentucky, mtoto wa nne wa mwenye kinu cha mahindi. Kaka yangu Ambrose ameniomba nisome karatasi iliyoandikwa na mchungaji. Nimeiacha nyumbani.

Alisoma kwa mwalimu wa kijiji hadi umri wa miaka kumi na minne, kisha akajifunza sheria kwa wakili mmoja wa Lexington. Kumbukumbu yake ilikuwa ya ajabu. Hadi uzeeni aliweza kutaja jina la kila farasi aliyewahi kuwa naye.

Alikuwa wakili, mbunge, kisha Rais wa Marekani kwa muhula mmoja. Nilimtunzia nyumba huko Washington, kwa hiyo nasema niliyoyaona. Alitafuna tumbaku tangu anaamka, na mazulia ya Ikulu yalinuka mate yake. Mbwa wake wawili walilishwa mezani kwenye sahani za fedha, mabalozi wakitabasamu. Kila alipomaliza kupeana mikono na wananchi, alinawa kwa siki mpaka viwikoni.

“Wananuka, Lavinia,” aliniambia, “lakini wanapiga kura.”

Aliyemmiminia siki hiyo alikuwa Keziah, mpishi wetu, mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa babu.

Tarehe 2 Juni 1824 alimwoa mama yangu, Susannah Pruitt, wakatuzaa Ambrose na mimi. Mama alifariki mwaka 1840. Siku ile alimshika Baba mkono, nami nikiwapo, akamwambia, “Keziah na binti yake uwaache huru. Niapie.” Baba akaapa, mkono juu ya Biblia.

Binti huyo aliitwa Phoebe, na alikuwa na miaka saba. Kidevu chake kilikuwa na kishimo katikati kama cha Baba. Kila aliyekula mezani petu alikiona, akaendelea kula.

Miaka minne baadaye, chama kilikuwa kinatafuta mgombea wa urais, na seneta mmoja alikuwa na wajumbe wengi mkononi. Alikuja kula kwetu, akasifu namna Phoebe alivyobeba bakuli la supu. Baba akafuta mdomo.

“Mchukue, mheshimiwa. Ni zawadi.”

Keziah alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Asubuhi Phoebe akapandishwa gari la farasi, na mwezi huohuo Baba akapata uteuzi. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Sikusema neno, na ukimya wangu ule unanichefua kama alichokitenda yeye.

Uvimbe wa koo ulimwanza mwaka 1866. Watumwa walikuwa wameshakuwa huru, na Keziah alikuwa na nyumba yake Lexington. Baba akataka mchuzi wa Keziah, akasema wa wengine haumezeki. Nilikwenda kumwomba.

“Nitakuja,” alisema. “Nina swali moja.”

Alipofika, alisimama miguuni pa kitanda cha Baba bila kuvua kofia. “Bwana Barnabas, Phoebe ulimpeleka wapi?”

Baba akavuta shuka hadi kidevuni. “Phoebe nani?”

Keziah akatoka. Nilimfuata hadi langoni nikilia, nikamwomba anisamehe.

“Usinililie mimi, Bi Lavinia,” alisema. “Mtafute.”

Baba alifariki tarehe 11 Oktoba 1868, saa tisa alasiri, akilalamika kwamba shuka zinanuka.

Ambrose, nakuona unanipa ishara nikae. Namalizia.

Marehemu ameacha wajukuu wanne na watoto watatu: Ambrose, mimi, na Phoebe, ambaye akiwa hai ana miaka thelathini na mitano. Barua niliyoipata inasema alionekana Natchez mwaka 1851, akifua nguo katika nyumba ya wageni. Ninyi mliotoka mbali kumzika Rais, mtazameni binti yake huyu anayesema nanyi. Kidevu mnachokiona ndicho hichohicho. Mwenye habari azipeleke kwa mama yake, Keziah, nyuma ya kanisa la Wabaptisti weusi, Lexington.

Mwombeeni Baba apumzike kwa amani. Mimi bado siwezi. Jumatatu nasafiri kwenda Natchez.