Kwa Majirani Wanang'oa

Modesta alikuwa amefumba macho tangu gari lilipoondoka Lukozi, lakini masikio hayafumbiki. Kiti cha mbele yake, kijana mwenye mkoba wa semina alikuwa akimhubiria bibi aliyepakata mjukuu mwenye homa, kamfunika gubigubi kwa khanga.

“Kwa afya ya kinywa, bibi, Kenya wametuacha. Uganda ndiyo usiseme! Sisi tumebaki na mabango.”

Modesta, aliyeuguza watu miaka thelathini, akaguna. Semina zote hizo, na bado hajamuuliza mwenzake anakwenda wapi.

“Na huko Uganda, mwanangu,” bibi akauliza, “meno mabaya wanayang'oa?”

“Wanang'oa, tena mapema!”

“Hata ya watoto?”

“Watoto ndio wa kwanza. Ukichelewa unamharibia afya yote.”

“Afadhali umesema. Mkwe wangu hataki, ananiambia ni ushamba.”

“Mshamba ni yeye!”

Modesta akafumbua macho. Gari lilikuwa linapunguza mwendo, na zahanati bado ilikuwa mbali. Hapa palikuwa kwa yule mzee anayechokonoa fizi za wachanga kwa spoki ya baiskeli, akidai anatoa “meno ya plastiki” yanayoleta homa na kuharisha.

“Wewe wa semina!” akafoka. “Umemuuliza huyo mtoto ana umri gani?”

Kijana akageuka. Gari likasimama. Bibi alikuwa ameshafika mlangoni, akishukuru, na begani kwake khanga ilikuwa imeteleza. Mtoto alikuwa analia kwa kinywa chote, na kinywa chote kilikuwa fizi tupu.