Pikipiki Inavutia Hewa Wapi?

Benchi la Mzee Buli limekaa kati ya kibanda cha kinyozi na gereji ya Nati Moja, na tangu liwekwe hapo halijakosa mtu anayejua kila kitu. Mzee Buli mwenyewe kazi yake ni kumimina kahawa na kunyamaza. Nati Moja ndiye fundi wa pikipiki. Jina alilipata kwa kuwa kila akifungua chombo na kukifunga, nati moja humbakia mkononi, naye husema kiwandani waliweka ya akiba. Asubuhi hiyo hakuwa na hamu ya kutaniwa. Mbele yake ilisimama pikipiki ya zahanati, ile ndefu ya tairi zenye meno, ya kupandia mlima kwenye vumbi na mawe, boksi la chanjo limefungwa juu ya kiti. Muuguzi, ambaye mtaa mzima humwita Dada Sindano, alikuwa ameshuka nayo mlimani akiisukuma.

— Imekata pumzi kona ya pili, fundi. Inakohoa, inatoa moshi mweusi, inazima. Kama wiki iliyopita tu.

— Si nilibadilisha plagi?

— Ulibadilisha. Siku ile kina mama wa kule juu walikaa na watoto mpaka jua likawachoka. Wamenitumia salamu: leo wananingoja kwa mara ya mwisho. Na barafu ya humu ndani mwisho wake saa sita.

Saa ya kinyozi ukutani ilionyesha saa nne kasoro robo. Nati Moja akajikuna kisogo. Plagi mpya, kabureta ameisafisha juzi. Kuna kitu alikuwa amekisahau, alikihisi kabisa kinamtekenya kichwani, lakini kila akikikaribia, benchi linamkatiza.

Karani: Petroli hiyo. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sasa huyu muuza petroli, nani alimsifu?

Karani alistaafu kugonga mihuri ofisini miaka mingi iliyopita, methali hajastaafu.

Kinyozi: Petroli haina kosa. Hiyo pikipiki ina woga. Mimi nanyoa vichwa vya watu, najua woga. Ikiwa tambarare inanguruma, ikiona mlima inatetemeka.

Nati Moja: Chuma kina woga wapi?

Kinyozi: Wembe wangu ukimwona Karani unaogopa, na wembe si chuma?

Karani: Tuache utani. Nimelifikiria jambo hili. Mlima umekua.

Dada Sindano: Umekua?

Karani: Mvua ya mwaka huu si ya kawaida. Mahindi yamekua, majani yamekua, mlima ubaki hivyo hivyo kwa sababu gani? Milima haikutani, lakini hakuna aliyesema haikui.

Kinyozi: Basi wakate kipande cha juu.

Karani: Andika barua. Muhuri naujua ulipo.

Dada Sindano hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya boksi, anausikiliza ubaridi. Nati Moja akaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Hapo akafika mgeni, muashi anayejenga ukuta wa shule, simenti mpaka kwenye nyusi, kitambaa kimefungwa puani. Akaomba kahawa, akakivua kitambaa ili anywe, akakikung'uta. Vumbi likatoka la kutosha kupaka chumba.

— Samahanini, wakubwa. Mimi bila kitambaa hiki jioni siioni. Hiyo pikipiki inavutia hewa wapi?

Kinyozi akamtazama Karani. Karani akatazama ndani ya kikombe. Nati Moja, funda likiwa bado mdomoni, akakumbuka.

Alilifungua boksi kutoka kitini, akaliweka kivulini, akafungua kiti na kupanga nati kwenye kisosi. Chini ya kiti, mahali pa kichujio cha hewa, palikuwa na kipande cha godoro, cheusi tii, kigumu kama mkate wa juzi.

— Ni mimi, dada. Wiki mbili zilizopita nilikitoa kichujio chenyewe nikakifua, nikakitundika msumarini hapa nyuma ya benchi kikauke. Nikachomeka godoro kwa dakika tano.

Karani: Dakika tano zina wiki mbili.

Dada Sindano: Na msumarini mbona hakuna kitu?

Wote wakageukia msumari, kisha polepole wakamgeukia Mzee Buli. Alikuwa amechuchumaa kwenye ndoo, anasugua vikombe kwa sponji nene ya kijani yenye umbo la kofia.

— Nilidhani mmeniletea zawadi, alisema. Inashika vizuri sana hii.

Kinyozi: Ndiyo maana kahawa ya siku hizi imeshiba.

Nati Moja aliipokea sponji, ndiyo kichujio chenyewe, kwa mikono miwili. Akaiinua juani aone kama imetoboka: nzima. Safi kuliko ilivyotoka dukani, maana imefuliwa kutwa mara mia. Kinyozi alitaka kuisokota, fundi akampiga kofi la mkononi.

— Usiisokote, itachanika. Ikamue. Lete taulo, na ile mashine yako ya kukaushia nywele, upepo wa baridi.

Kinyozi akaikausha kwa heshima ambayo hajawahi kumpa mteja. Nati Moja akafuta vumbi lote kwenye nyumba ya kichujio, akailowesha sponji mafuta yake maalumu, akaikamua mpaka ikabaki na unyevu tu, akapaka grisi kwenye mdomo wa sponji, akaivisha kwenye fremu. Akafunga. Dada Sindano akapiga kiki moja, na pikipiki ikaitika bila kikohozi wala moshi.

Akaondoka saa tano kasoro kumi. Benchi likabaki limetega masikio mlimani.

Karani: Kona ya kwanza.

Kinyozi: Ya pili.

Mlio ukadidimia. Mzee Buli akaacha kumimina. Nati Moja akasogea hadi ukingo wa barabara.

— Anabadilisha gia, alisema, ila hakuwa na hakika.

Kisha mlio ukarudi, mkali, mnene, ukakwea kona ya tatu na ya nne bila kupumzika. Muda kidogo, kutoka juu kabisa, honi ikalia mara tatu, na nyuma yake vigelegele vya kina mama, vyembamba kwa umbali. Nati Moja alikaa chini, akacheka peke yake, machozi yanamtoka na hayafuti.

Karani: Nilisema mimi, mlima umepungua.

Mzee Buli akachukua kisosi kukiosha, akasita, akakionyesha benchi zima. Kilikuwa kitupu. Wakakiangalia, wakaangalia chini ya benchi, Kinyozi akapapasa hata mchangani.

Muashi akamaliza kahawa, akafunga kitambaa chake puani.

— Fundi hodari huyu. Kwani kwa nini mnamwita Nati Moja?

Kinyozi akarudi kupapasa mchangani.